Walikuwa Wameshasikia

Wiki iliyopita kwenye podikasti, mwenzangu wa Houston aliniuliza swali nikalikwepa. Kama ulisikiliza, uliona. Aliuliza, "Ile safari yako ya misheni, ungeirudia?" Nikacheka kidogo, nikahamia mada nyingine. Baadaye mkatuma ujumbe, mmoja baada ya mwingine: mbona hukujibu? Basi najibu hapa, kwa maandishi. Jibu lenyewe ni refu, na huwezi kulielewa bila kurudi nyuma miaka mia na zaidi.

Kwa wageni wa blogu: mimi nilizaliwa Kyangwali, makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, karibu na Ziwa Albert. Wazazi wangu walitoka Ituri, Kongo, wakikimbia vita vya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilifika Fort Worth nikiwa na miaka 9. Kiswahili changu ni cha nyumbani kwa baba, cha YouTube, na cha kanisani, kwa hiyo mkiona kimechanganyika, mvumilie.

Miaka miwili iliyopita kanisa moja la Wamarekani, ambalo hutuachia ukumbi wake Jumapili mchana tufanye ibada yetu ya Kiswahili, liliandaa safari ya siku 10. Mwaka huo walichagua wakimbizi wa Kongo walioko Uganda. Yaani Kyangwali. Kiongozi wa safari akaniita pembeni akaniambia wanahitaji mkalimani, kisha akasema, "Nadhani Mungu anakuita."

Sasa mtu akikuambia hivyo, na mahali penyewe ndipo kitovu chako kilipozikwa, utasema hapana?

Kila msafiri alitakiwa kuchangisha dola 3,200. Tulikuwa watu 14. Tulipewa mfano wa barua ya kuomba michango, tukaambiwa tujaze jina na tutume kwa ndugu na marafiki. Ndani yake kulikuwa na sentensi inayosema tunakwenda kwa watu ambao hawajapata kusikia. Nikajaza jina langu, nikatuma. Bibi yangu, aliyenifundisha Baba Yetu kabla sijajua kuhesabu, alikuwa chumba cha pili anakunja nguo.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa kule kule Kyangwali, mbele ya watu.

Siku ya nne

Ilikuwa ibada, kwenye ukumbi wa matofali ya udongo na paa la turubai. Watoto nje walishaniona na tishati yangu ya timu, rangi ya machungwa, wakaanza kuniimbia: mzungu, mzungu. Mimi! Nilicheka, lakini iliniuma.

Kiongozi wetu akasimama. Ni mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Akasema kwa Kiingereza kwamba Mungu ametuita kutoka Texas tuje mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia jina la Yesu. Akanyamaza, akanisubiri.

Nikatazama mbele. Mstari wa kwanza wamekaa akina mama wa umoja wa kanisa, wamevaa sare zao, vitabu vya nyimbo mapajani, kurasa zimelegea kwa kutumika. Nyuma yao kwaya mbili. Pembeni yangu mzee katekista aliyekuwa amefungua ibada kwa sala ndefu kuliko yoyote niliyosikia Texas.

Nikatafsiri hivi: "Mungu ametuita kutoka Texas tuje mahali ambapo jina la Yesu lilisikika tangu zamani."

Akina mama wakapiga vigelegele. Kiongozi akafurahi sana, akadhani ni maneno yake.

Baada ya ibada yule katekista akanishika mkono. "Mutoto yangu," akasema, "yule hakusema bile."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini njo bile alipaswa kusema." Kisha akaniuliza: "Weye unajua nani alituletea?"

Nikajibu bila kufikiri. Nikasema ni wazungu.

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema jina moja tu: Apolo.

Kilichotoka Ulaya

Niliporudi Texas nilimuuliza baba. Alinishangaa kwamba sijui. Kwao, jina la Apolo Kivebulaya ni kama jina la babu wa ukoo. Nikaanza kusoma, na nitawapa kwa ufupi niliyoyapata.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, ndiyo maana jina lake la utotoni lilikuwa Waswa. Alipitia mengi, hata uaskari, kabla ya kubatizwa Januari 1895 na kuchukua jina la Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa kwa utani kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilokuwa akivaa. Lisikilizeni vizuri: Bulaya ni Ulaya. Maana yake ni "kilichotoka Ulaya." Niliposoma hapo nikaikumbuka tishati yangu ya machungwa, nikacheka peke yangu.

Mwaka huo huo wa kubatizwa alitumwa Toro, upande wa Fort Portal ya leo. Mwaka 1896 akavuka mpaka Boga, kule ambako sasa ni Ituri, nchi ya wazazi wangu. Hakutumwa na ndege. Alitembea, akivuka safu ya Ruwenzori, kwenda kwa watu wasiokuwa kabila lake, ambao walikuwa na kila sababu ya kuwashuku Waganda.

Na walimshuku kweli. Chifu Tabaro hakumtaka. Alipigwa, akanyimwa msaada. Kisha likatokea jambo baya: dada yake chifu alianguka juu ya mkuki akafa, na Apolo akalaumiwa kwa kifo hicho. Akafungwa minyororo na kupelekwa kwa maofisa wa Kiingereza upande wa Toro. Mwenyewe alisimulia kwamba katika miaka hiyo migumu alimwona Kristo akimwambia asiogope. Unaweza kuamini au usiamini, lakini matokeo yake hayana ubishi. Alipoachiliwa alirudi Boga. Na yule chifu aliyemchukia, mwishowe alibatizwa.

Apolo akawa kasisi mwaka 1903 na kanoni wa Namirembe mwaka 1922. Kwa miaka mingi alihudumu Toro, lakini mpaka ulipochorwa na Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji, alirudi tena Boga, karibu na mwaka 1915. Kuanzia 1921 akaingia msituni kwa Wambuti. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, huko huko Boga. Kabla hajafa aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, na si kuelekea kwao Buganda. Kanisa la Anglikana la Kongo hadi leo linamhesabu kuwa mwanzilishi wake.

Hesabu mwenyewe: tangu alipofika Boga mara ya kwanza mpaka kaburini ni miaka 37. Sisi tulikaa siku 10, na mbili kati ya hizo tulikuwa uwanja wa ndege.

Si Apolo peke yake

Nilipoanza kutafuta nikaona hadithi hii inajirudia pwani pia. Shuleni hapa Texas, ukibahatika kufundishwa chochote juu ya misheni Afrika Mashariki, utasikia Krapf na Rebmann. Ni haki yao. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na ndani ya miezi michache akawazika mke wake na mtoto wao mchanga. Johannes Rebmann alifika 1846 na kukaa mpaka 1875, karibu miaka 29, akaondoka akiwa kipofu. Hawa hawakuwa watalii.

Lakini je, umewahi kusikia jina la William Henry Jones? Huyu alikuwa Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani. Aliokolewa na Waingereza, akalelewa India, kwenye shule ya misheni pamoja na watoto wengine wa Afrika waliokombolewa baharini. Watu waliwaita Waafrika wa Bombay. Mwaka 1864 alirudi pwani ya Afrika Mashariki kuhudumu Rabai, nyuma ya Mombasa. Mwenzake aliitwa Ishmael Semler. Fikiria: mtoto aliyeibwa, anarudi mtu mzima, akiwa na dini mpya, lugha mpya na jina la Kiingereza, kuwahudumia watu wa bara lililompoteza. Ukisoma historia yake na wewe ni mtoto wa diaspora, huwezi kutulia kwenye kiti.

Mwaka 1885 Jones na Semler waliwekwa wakfu kuwa mashemasi na Askofu James Hannington. Mwaka huo huo Hannington akaanza safari ya kwenda Uganda, Jones akiwa pamoja naye. Askofu akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Vitabu vingi huishia hapo, kwenye kifo cha askofu. Lakini kulikuwa na msafara umebaki nyuma, wapagazi wenye njaa na hofu, na aliyewarudisha mpaka Rabai ni Jones. Waliingia Februari 1886 na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, neno la Agano la Kale la kulilia utukufu ulioondoka.

Miaka michache baadaye, Jones akiwa na dhamana ya Rabai, mamia ya watumwa waliotoroka mabwana zao walipata hifadhi pale. Yeye alijua maana ya kutoroka. Ndiyo sababu nasema, kama unatafuta mtu aliyeitikia mwito, usitazame tu nani aliandika kitabu cha kumbukumbu. Tazama ni nani aliyebaki na watu hatari ilipokuja.

Ukienda Mombasa leo, upande wa Nyali, kuna mahali panaitwa Kengeleni. Jina linatokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa huru yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu maadui wanapokaribia. Kengele ile haikuita watu waje kutazama. Iliwaita walindane.

Siku 10 zilitoka wapi?

Basi tulitokaje kwenye miaka 37 mpaka siku 10? Kwa sehemu kubwa, ni ndege. Safari za abiria kwa ndege za jeti zilianza kuenea kuanzia 1958, na ghafla kijana wa Texas aliweza kwenda bara jingine na kurudi kabla shule haijafunguliwa. Mwaka 1957 kijana aitwaye George Verwer alikwenda Mexico na rafiki zake wawili kugawa vitabu vya injili, na kutoka hapo likazaliwa shirika la Operation Mobilisation. Mwaka 1960 Loren Cunningham akaanzisha Youth With A Mission, kwa wazo kwamba vijana wanaweza kwenda hata kwa muda mfupi.

Serikali nayo ilikuwa na wazo la namna hiyo. Peace Corps ilianza 1961, na moja ya makundi yake ya kwanza kabisa ilipelekwa Tanganyika kupima barabara na kuchora ramani. Hao walifanyiwa mafunzo wapi? Hapa hapa Texas, kwenye chuo cha El Paso. Lakini angalieni tofauti: walijifunza Kiswahili kwanza, na mkataba wao ulikuwa miaka 2.

Makanisa yakaendelea kufupisha. Kutoka miaka, kuwa kiangazi kizima, kuwa wiki moja ya likizo. Msosholojia Robert Wuthnow alikadiria kwamba katikati ya miaka ya 2000 waumini wa makanisa ya Marekani wapatao milioni 1.6 walikuwa wakisafiri nje kila mwaka kwa safari za namna hii. Mtafiti mwingine, Kurt Ver Beek, alichunguza nyumba zilizojengwa Honduras baada ya Kimbunga Mitch cha 1998. Nyumba iliyojengwa na timu ya wageni, ukijumlisha nauli zao na gharama zao, ilifika kama dola 30,000. Shirika la Kikristo la wenyeji lilijenga nyumba kama hiyo kwa dola 2,000.

Nikarudi kwenye hesabu zetu. Watu 14 mara dola 3,200 ni dola 44,800. Sikulala vizuri usiku ule.

Lakini subiri

Hapa ningeweza kumaliza, nikasema safari fupi ni upuuzi, mkanipigia makofi. Ila historia yetu wenyewe inanikataza.

Miaka ya 1930, uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya, Tanganyika mpaka Kongo. Kama bibi yako anasalimia kwa Tukutendereza, wewe ni mjukuu wa uamsho ule. Uliendaje mbali hivyo? Kwa timu! Vikundi vidogo vya Waganda, Wanyarwanda na wengine, pamoja na wazungu wachache, walisafiri kwa siku au majuma. Mwaka 1937 timu ilifika Kabete, Kenya. Zilikuwa safari fupi za misheni kama yetu.

Tofauti ni hii. Walilala kwenye nyumba za wenyeji na kula walichopewa. Na walipokuwa wanasimama kusema, walianza na dhambi zao wenyewe, hadharani, majina ya vitu walivyoiba yakitajwa. Mgeni ndiye aliyetubu kwanza. Timu ikiondoka, wenyeji nao wakaunda timu yao wakaenda kwingine. Na baadhi hawakurudi upesi. Festo Kivengere, kijana wa Kigezi ambaye baadaye alikuwa askofu na akalazimika kumkimbia Idi Amin mwaka 1977, alikwenda Dodoma na mkewe Mera miaka ya 1940 na kufundisha shule huko kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Kwa hiyo tatizo si idadi ya siku tu. Swali ni kama ulikwenda ukijua kwamba kuna watu pale tayari, wenye imani, historia na majina, au ulikwenda ukidhani unaingia kwenye nyumba tupu. Nyumba haikuwa tupu. Sisi ndio tuliosahau kubisha hodi.

Nilichomwambia kiongozi

Baada ya kusoma haya yote nilikunywa kahawa na kiongozi wetu wa safari. Nilitaka kumfundisha historia. Nikamweleza habari za Apolo, na za Tabaro, na za kaburi linalotazama magharibi. Alisikiliza kwa makini kweli. Kisha ikanibidi niseme na lile jingine: siku ya nne sikutafsiri ulichosema.

Alinyamaza muda. Nilitegemea atakasirika au ataomba msamaha, na kusema kweli nilishajiandaa kuupokea huo msamaha kwa ukarimu mkubwa. Badala yake aliniuliza, "Kama ungetafsiri nilivyosema, wangejibu nini?"

Sikuwa na la kusema. Maana najua wangejibu nini. Yule katekista angesimama, kwa adabu zote, akamsimulia Apolo mbele ya timu nzima. Kiongozi angejifunza siku ile ile, kutoka kwa mwenye haki ya kumfundisha. Akina mama wangemwombea. Mimi nilidhani nawalinda wenyeji wasidharauliwe, kumbe niliwanyima nafasi ya kujibu. Nilifanya kile kile nilichomlaumu nacho: niliona watu wasioweza kujisemea.

Nilipomweleza baba, alitikisa kichwa. "Mukalimani ni daraja," akasema. "Daraja haichague nani apite."

Nilitoa pia barua ile ya michango kwenye kompyuta, nikamsomea bibi, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Safari hii nilitafsiri kila kitu. Alipofika kwenye "hawajapata kusikia" aliniangalia tu. Kisha akauliza chakula kimeiva au bado. Nadhani huo ndio msamaha wa bibi.

Sasa, jibu la swali la mwenzangu. Ningerudi, ndiyo, ila kwa masharti. Waalike wenyeji kwanza. Tujue nani alikuwa pale kabla yetu, kwa majina. Hesabu ya pesa wenyeji waione, waseme kama dola 44,800 zingefaa kitu kingine. Na angalau mmoja wao aje huku atuhubirie. Kuna watu Gulfton kule Houston na Vickery Meadow hapa Dallas wanaohitaji kutembelewa, na wengine wetu hatujawahi kufika, ingawa hatuhitaji pasipoti.

Kiongozi ameyachukua masharti hayo kwenye kamati yake. Kamati bado haijajibu. Fomu ya safari ijayo iko mezani kwangu, sehemu ya jina iko wazi.

Wakati nasubiri, nawapa kazi ya nyumbani, na kipindi kijacho tutazisoma simu zenu. Muulize baba, mama, bibi, yeyote aliye karibu: katika familia yetu, nani alisikia kwanza, na alisikia kutoka kwa nani? Kama familia yenu ni Waislamu, muulize vivyo hivyo, maana na ninyi mna walimu waliotembea. Usikubali jibu la "wazungu" au "Waarabu" likaishia hapo. Ng'ang'ania mpaka upewe jina.